Alama 429 Hazitoshi: Hesabu ya Ukaazi wa Kudumu Kanada

Chukua mhasibu wa Nakuru mwenye umri wa miaka 29. Hajaoa, ana shahada ya kwanza, uzoefu wa kazi wa miaka 3 na Kiingereza cha kiwango cha juu. Katika Express Entry, mfumo ambao Kanada imeutumia tangu 2015 kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi, mhasibu huyu anapata alama 429 kati ya 1,200. Kwa hesabu za 2025 hakuna mlango ambao alama hizo peke yake zingemfungulia. Angeongeza Kifaransa, angevuka kiwango cha kila awamu ya mialiko iliyotengewa wanaojua Kifaransa mwaka huo. Ndiyo maana nasema anayeitaka njia hii aanze na lugha, mambo ya wakala yaje baadaye, kama yatahitajika.

Alama 429 zinatoka wapi

Umri wa miaka 20 hadi 29 una alama 110. Shahada ya kwanza ina 120. Kiingereza cha ngazi ya 9 katika kipimo cha Kanada kina 124. Jumla ni 354. Alama 75 zinazobaki hutokana na sifa zinazohesabiwa kwa pamoja: shahada na lugha 25, uzoefu wa kazi wa nje ya Kanada na lugha 50.

Lugha inahesabiwa zaidi ya mara moja, na hapo ndipo wengi wanapopoteza alama. Katika mtihani wa IELTS, ngazi ya 9 inadai 8 katika kusikiliza na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza. Mhasibu wetu akipata 6.5 katika kuandika tu, anapoteza alama 8 za lugha na nyingine 37 za sifa za pamoja. Nusu alama ya mtihani imemgharimu 45. Akipungukiwa nusu katika stadi zote nne, anashuka hadi 360.

Linganisha na shahada ya uzamili. Inaongeza alama 40: 15 za elimu na 25 za sifa za pamoja. Lakini anayeianza akiwa na miaka 30 na kuimaliza akiwa na 32 anapoteza 11 za umri, hivyo anabaki na faida ya 29 baada ya ada na muda wa miaka miwili. Umri haungoji mtu. Kuanzia miaka 30 unakatwa alama 5 au 6 kila mwaka, kuanzia 41 hadi 44 unakatwa 11, na mwenye miaka 45 hapati hata moja.

Nafasi zimepungua

Kanada ilikuwa imepanga kupokea wakaazi wapya wa kudumu 500,000 mwaka 2025. Oktoba 2024 ikapunguza lengo hilo hadi 395,000, na la 2026 likawekwa 380,000. Namba hizo zinajumuisha pia familia na wakimbizi, na zaidi ya asilimia 40 ya nafasi za 2025 zilitarajiwa kwenda kwa watu ambao tayari wanaishi huko. Nafasi za uteuzi wa majimbo, ambao humpa mwombaji alama 600 kwa mkupuo, zilikatwa kutoka 110,000 mwaka 2024 hadi 55,000 mwaka 2025.

Mwaka 2025 mzima haukuwa na awamu iliyo wazi kwa waombaji wote. Waliowahi kufanya kazi Kanada walikuwa na awamu zao, na Mei wa mwisho kualikwa alikuwa na 547. Watu wa afya nao walikuwa na zao: 4 Juni walialikwa 500 na wa mwisho alikuwa na 504, kisha 22 Julai wakaalikwa 4,000 na kiwango kikashuka hadi 475. Kiwango hakiandikwi katika sheria, kinategemea idadi ya mialiko. Tarehe 13 Februari 2021, wakati wa Korona, Kanada iliwaalika watu 27,332 waliokuwa tayari na uzoefu wa kazi huko, na kiwango kikawa 75.

Kifaransa kinabadilisha hesabu

Awamu za Kifaransa za 2025 zilishuka hadi 379 mwezi Machi na kupanda hadi 481 mwezi Agosti. Mhasibu wetu akifikia ngazi ya 7 ya Kifaransa katika stadi zote nne, anaongezewa alama 62: 12 za lugha ya pili na 50 za nyongeza. Anakuwa na 491. Kuifikia ngazi hiyo kunadai mamia ya saa za masomo, lakini ni alama ambazo mtu anaweza kuzichuma akiwa kwao, huku akiendelea na kazi yake.

Kwa msemaji wa Kiswahili wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa, faida hii anayo tayari. Mwenye umri, elimu na uzoefu kama wa mhasibu wetu, na Kifaransa cha ngazi ya 9, ana 454 hata bila mtihani wa Kiingereza. Akipata Kiingereza cha ngazi ya 5 tu, anapanda hadi 483.

Gharama halisi

Kufungua wasifu katika mfumo ni bure. Kwa ada zilizoanza 30 Aprili 2024, mtu mzima alilipa dola za Kanada 1,525 akishaalikwa, na alama za vidole 85. Jumla ilikuwa 1,610, karibu shilingi 150,000 za Kenya. Mitihani ya lugha, uthibitisho wa vyeti na uchunguzi wa afya hulipiwa kando.

Mzigo mkubwa ni akiba ya kujikimu. Kuanzia Julai 2025 mtu mmoja alitakiwa kuonyesha dola 15,263, karibu shilingi milioni 1.4 za Kenya, na familia ya watu wanne dola 28,362. Fedha hizo hazilipwi kwa serikali, zinabaki zako, ila zisiwe za mkopo.

Hakuna malipo kwa wakala yanayoongeza hata alama moja. Kwa hiyo usiuze shamba kabla ya kupiga hesabu hii. Rudia IELTS hadi kila stadi ifikie ngazi ya 9, kisha jiandikishe darasa la Kifaransa kabla ya kutimiza miaka 30. Kama ni muuguzi au daktari, ulizia mapema leseni ya jimbo unalolitaka, kwa sababu ukaazi wa kudumu haukupi ruhusa ya kutibu. Fedha ulizokusudia kumpa wakala zitakufaa zaidi kwa mwalimu wa lugha.