Umeme wa Kisangani: Maji, Jua au Atomu? (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuata historia ya mabwawa ya umeme ya Inga na ile laini ndefu ya kilomita 1,700 hivi iliyopeleka umeme Kolwezi, ikapita juu ya vichwa vya wanavijiji bila kuwaachia hata taa moja. Leo tunarudi nyumbani Kisangani, kwenye ubishi ambao sasa umeingia hata kwa waendesha toleka, baiskeli za kubeba watu, wanaposubiri abiria. Upande mmoja unasema nchi iliyochimba uranium haina sababu ya kukaa gizani: ijenge kinu cha nyuklia, shida iishe. Upande wa pili unasema zama za mitambo mikubwa zimepita, kila mtu aweke sola juu ya bati lake. Nitasema mapema msimamo wangu. Pande zote mbili zimeruka swali linalotakiwa kutangulia: mtandao wa umeme wa mji huu una ukubwa gani, na ni nani anayeutunza?

Kisangani ina watu zaidi ya milioni moja, na haijaunganishwa na Inga. Mtandao wetu unajitegemea, na tegemeo lake ni kituo kimoja tu cha SNEL, shirika la umeme la taifa, kwenye Mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950 mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Kina mitambo mitatu, wa tatu ukiwa uliongezwa baadaye, katika miaka ya 1970. Ikizunguka yote pamoja inatoa takriban megawati 19. Lakini kwa miaka mingi imekuwa nadra kuiona yote mitatu ikizunguka siku moja. Ikibaki miwili, komini zinapokezana. Ukibaki mmoja, delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, inageuka kuwa ndiyo kawaida, na umeme unapokuja saa nane za usiku watu wanaamka kupiga pasi na kuchaji simu. Umeme ukikosekana, pampu za REGIDESO, shirika la maji, nazo husimama, kwa hiyo mji uliokaa kati ya mito miwili unakosa maji ya bomba. Wazee wanakumbuka siku zile sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu: mabomu yaliua watu majumbani mwao, na waliosalia wakakaa bila umeme wala maji safi.

Kwa nini mtambo wa maji unasimama wakati mto haujasimama? Hapa inafaa tukaribie kidogo. Maji huingia kwanza kupitia vyuma vilivyopangwa kama kimia, vinavyozuia matawi, majani na siku hizi chupa za plastiki. Vyuma hivyo visiposafishwa kila siku, maji yanapungua na mtambo unapoteza nguvu. Maji yanayopita yamebeba mchanga, na mchanga unalamba mapanga ya turbini mwaka baada ya mwaka. Mhimili mzito unazunguka juu ya beringi zinazohitaji mafuta na ubaridi. Mafuta yakichafuka, beringi zinaungua. Ndani ya jenereta, nyaya za shaba zimefunikwa kwa kihami ambacho huzeeka kwa joto na unyevu, na kikipasuka mahali pamoja tu, mtambo mzima unazimika. Kipuri cha mashine ya umri huo hakipo dukani. Hutengenezwa kwa kufuata michoro, kinasafirishwa hadi Matadi, kinafika Kinshasa, kisha kinapandishwa mto karibu kilomita 1,700 juu ya majahazi yanayokwama mchangani maji yanapopungua. Mafundi wetu wa Tshopo wameuweka hai mtambo huo kwa ufundi ambao haujasifiwa vya kutosha.

Sasa tuje kwenye atomu. Wanaoitetea wana haki ya kujivunia historia. Uranium ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika mradi wa Marekani uliozaa bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani. Mwaka 1959, nchi ikiwa bado chini ya Wabelgiji, Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, chini ya Monsinyori Luc Gillon, kiliwasha TRICO, kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika nzima. Kinu cha pili, TRICO II, kilifuata mwaka 1972 kikiwa na uwezo mkubwa zaidi. Kilisimama mwaka 2004.

Lakini vinu hivyo havikuwahi kuwasha balbu hata moja, wala havikujengwa kwa kazi hiyo. Vilikuwa vya utafiti, vya kufundishia wanasayansi na kutengeneza isotopu za hospitali na kilimo. Kile cha kwanza kilikuwa na nguvu ya kilowati 50 za joto. Na historia hiyohiyo ina ukurasa mchungu: fimbo mbili za fueli zilitoweka Kinshasa, na moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakiiuza. Taifa linalotaka kinu kikubwa lazima kwanza lionyeshe kwamba linaweza kulinda kile kidogo.

Hoja nzito zaidi, hata hivyo, ni ya hesabu. Wahandisi wa umeme wana kanuni wanayoifuata karibu kila mahali: mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya mtandao wote. Sababu yake ni rahisi. Kila mtambo huzimika siku moja, kwa hitilafu au kwa kubadilishiwa fueli, na siku hiyo mitambo mingine lazima iubebe mzigo. Ikishindwa, inazimika nayo, mmoja baada ya mwingine. Kinu cha kawaida cha nyuklia kina megawati 1,000 au zaidi, kwa hiyo kinataka mtandao wa megawati 10,000. Mitambo yote ya Kongo ikijumlishwa, ya maji na mingine, iko karibu na 3,000, nayo imegawanyika katika mitandao isiyoshikana.

Watu watasema siku hizi kuna vinu vidogo. Ni kweli. Mfano mmoja uliokwisha kuanza kazi ni Akademik Lomonosov, meli ya Urusi iliyotia nanga Pevek, kaskazini ya mbali ya Urusi, ikiwa na vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja. Tazama namba hiyo tena. Kinu kimoja cha meli hiyo, kinachohesabiwa kidogo, kinakaribia mara mbili ya uwezo wote wa kituo chetu cha Tshopo. Siku kitakapozimwa kubadilishiwa fueli, sehemu kubwa ya Kisangani italala gizani kwa wiki kadhaa, labda iwe na mtambo wa akiba wenye ukubwa uleule. Na tukiwa na mtambo wa akiba wa ukubwa huo, hatukihitaji kinu.

Bado sijataja fedha. Misri inajenga El Dabaa, vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja, kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25. Mkopo huo peke yake unazidi bajeti nzima ya mwaka ya serikali yetu. Afrika ina kituo kimoja tu cha nyuklia kinachouza umeme, Koeberg cha Afrika Kusini, tangu 1984. Uganda imetenga eneo Buyende. Kenya ilichagua Uyombo, Kilifi, na mwaka 2024 wavuvi na wakazi wa huko waliandamana kupinga, wakihofia bahari yao. Mimi siichukii nyuklia. Inatoa umeme usiku na mchana, haitaki ardhi kubwa, na Ufaransa inaitegemea kwa karibu theluthi mbili ya umeme wake. Ninasema tu kwamba haitoshei hapa, na haitatoshea kwa muda mrefu.

Je, jua? Bei ya umeme wa jua imeanguka kwa namna ambayo ni wachache walioitabiri: kwa vituo vikubwa duniani, wastani wake ulikuwa senti 46 za dola kwa uniti mwaka 2010, na mwaka 2023 ukafika senti 4 na kidogo. Uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima. Linganisha na jenereta ndogo za mitaani, zinazokunywa karibu nusu lita ya mafuta kwa kila uniti, na mafuta yenyewe yanapanda mto kutoka Kinshasa. Mwenye saluni au duka la dawa anayenunua paneli anajua anachofanya.

Hata hivyo jua la Kisangani si jua la Lubumbashi. Tumekaa karibu kabisa na ikweta, katikati ya msitu, na mawingu ni yetu karibu mwaka mzima. Paneli ya kilowati moja hapa inatoa uniti kama tatu na nusu hadi nne kwa siku. Tufanye hesabu. Tukijenga uwanja wa sola wa megawati 10, ambao utachukua hekta kumi hivi, tutapata uniti kama 37,000 kwa siku. Mtambo mmoja wa Tshopo wa megawati 6, ukizunguka saa 24, unatoa uniti 144,000. Maana yake, kukarabati mtambo mmoja uliokufa ni sawa na kujenga karibu megawati 40 za paneli. Tena mtambo wa maji unafanya kazi saa moja ya jioni, wakati kila nyumba inawasha taa, na paneli saa hiyo imelala. Betri zinaweza kuvusha umeme hadi usiku, lakini ndizo sehemu ya ghali na ya kufa haraka. Betri ya gari iliyounganishwa na sola, ikinyonywa mpaka mwisho kila usiku, haimalizi miaka miwili, kisha inatupwa nyuma ya nyumba na risasi yake inaingia kisimani. Sokoni kwetu paneli na betri bandia zimejaa, na hakuna anayezipima.

Mahali ambapo jua linashinda bila mpinzani ni kule ambako waya hautafika. Chukua kituo cha afya cha ndani ya Opala au Bafwasende. Chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Zamani waliitunza kwa friji za mafuta ya taa, na utambi ukichafuka chanjo zinaharibika bila mtu kujua. Sasa kuna friji za sola zisizotumia betri kabisa: paneli inaendesha mashine mchana, mashine inagandisha barafu kwenye kuta za ndani, na barafu hiyo inashika baridi kwa siku tatu au zaidi hata mawingu yakifunga. Huo ni ufumbuzi kamili, na mtoto anayechanjwa hajali kama umeme wake uliandikwa kwenye mpango wa taifa. Goma nayo ilionyesha mfano wa mjini: kampuni ya Nuru ilifungua mwaka 2020 kituo cha megawati 1.3 chenye paneli, betri na jenereta ya akiba, na mitaa iliyokuwa giza ikapata taa. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014, iliyoondoa ukiritimba wa SNEL, ndiyo iliyofungua njia kwa kampuni za namna hiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kama ifuatavyo. Mitambo mitatu ya Tshopo izunguke yote, kabla ya kitu kingine chochote, na fungu la vipuri litengwe kila mwaka. Sola ipelekwe vijijini na kwenye vituo vya afya, shule, na pampu za maji ambazo zinaweza kufanya kazi mchana na kujaza matangi. Maporomoko ya Wanie-Rukula, juu ya mto, yanayokadiriwa kuweza kutoa zaidi ya megawati 600, yafanyiwe uchunguzi wa kweli ili wajukuu wetu wayakute tayari kwenye karatasi. Nyuklia ibaki darasani: TRICO II ikarabatiwe ifundishe vijana na kuhudumia hospitali, kwa sababu taifa lisilo na wanafizikia haliwezi hata kukataa mkataba mbaya.

Waheshimiwa wabunge wa jimbo, tunawaomba jambo moja lisilogharimu kitu: kila wiki itangazwe redioni ni mitambo mingapi inazunguka na kila komini imepata saa ngapi za umeme. Nawe msomaji wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo au Lubunga, usingoje tangazo hilo. Andika kwenye daftari saa umeme ulipokuja na saa ulipokatika katika avenyu yako, kwa mwezi mmoja, kisha mpelekee mbunge wako aone kwa macho yake. Sehemu ya nne itahusu bei: nani analipa umeme Kisangani, nani halipi, na fedha zinakwenda wapi.

(Itaendelea)