Filamu Moja, Miaka 45

Mwaka 1968 Aleksei German, kijana wa Leningrad mwenye miaka 30, alikuwa na mpango ulioiva: kutengeneza filamu kutokana na riwaya ya ndugu wawili, Arkady na Boris Strugatsky, iliyotoka 1964. Ni kisa cha mtu wa dunia hii anayeishi kwa siri kwenye sayari iliyokwama katika zama za giza, akiwa amekatazwa kuingilia mambo ya wenyeji hata damu ikimwagika mbele yake. Agosti mwaka huohuo vifaru vya Kisovieti viliingia Prague. Hadithi ya wageni wanaosimamia hatima ya wengine ikawa moto wa kuotea mbali, na mradi ukafungwa.

Akageukia maandishi ya baba yake, mwandishi Yuri German. Filamu iliyotokana nayo ilikamilika 1971. Inamhusu askari wa Kisovieti aliyekuwa upande wa Wajerumani, kisha akarudi kwa wapiganaji wa msituni. Kuna daraja limetegwa baruti, treni ya adui inakaribia, na chini ya daraja linapita tishali limejaa mateka wa Kisovieti, kimya, wamebanana. Kamanda anakataa kulipua. Wakubwa hawakutaka vita vyao vitukufu vionyeshwe kwa sura hiyo, wakaifungia kabatini. Watazamaji waliiona miaka 15 baadaye, enzi za Gorbachev.

Hapa ndipo wengi humalizia hadithi ya German: msanii huyu, dola ile. Nadhani ni mapema mno. Alipoirudia ndoto yake ya 1968, hapakuwa tena na Umoja wa Kisovieti wala kabati la kumfungia. Filamu nyingine ya riwaya hiyohiyo ilishatolewa 1989 na Mjerumani Peter Fleischmann. German alianza kupiga picha mwaka 2000, kwanza Jamhuri ya Cheki kisha studio za Lenfilm, akamaliza 2006. Halafu ikaja kazi ya sauti, nayo ikala miaka mingine.

Sababu inaonekana kwenye picha yenyewe. Hakuna pembe iliyoachwa wazi. Tope, mvua, makamasi. Vitu vinaning'inia mbele ya lenzi. Mpita njia asiye na jina anasimama, anaitumbulia macho kamera, kisha anaendelea na safari yake. German alimtaka kila mtu wa nyuma awe na maisha yake, na maisha ya namna hiyo hayaingii kwenye ratiba. Mtathmini yeyote wa miradi angeandika "usimamizi hafifu", na asingekuwa amekosea sana. Mwigizaji mkuu, Leonid Yarmolnik, alianza akiwa na miaka 46. Filamu inatoka, anakaribia 60. Ustadi wa mwongozaji haumrudishii mtu miaka hiyo, ingawa nikiitazama filamu sioni ni siku gani ya kazi ningeikata.

German alifariki Februari 2013, sauti ikiwa bado haijakamilika. Mkewe Svetlana Karmalita, aliyeandika naye mswada, na mwanawe Aleksei, naye mwongozaji, waliimalizia. Novemba mwaka huohuo ilionyeshwa kwenye tamasha la Roma: karibu saa tatu, nyeusi na nyeupe. Mpaka leo ni vigumu kupata fremu moja iliyofanywa kwa haraka.