Sauti za L na R: Maneno "Rice" na "Lice" Katika Nchi ya Mpunga

Katika maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wanafunzi wa Afrika ya Mashariki, ni machache yachekwayo kama "rice" na "lice". La kwanza ni jina la mpunga, mchele na wali kwa pamoja; la pili ni chawa, wakiwa wengi. Maneno haya yana silabi moja moja, yana irabu zile zile, na yote mawili yaishia kwa sauti ya s. Yatofautiana mwanzoni tu, kwa r na l. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba mwenye kuyachanganya hana ila ya ulimi wala ya akili, bali afuata sheria ya lugha yake. Na kwamba mwalimu asiyeijua sheria hiyo aweza kusahihisha madaftari miaka mingi bila ya kuliondoa kosa.

Rujewa yafaa sana kuwa mfano wetu. Mji huu, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, umo katika nchi ya Usangu, na mpunga ndio maisha yake. Wabaluchi waliohamia huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliulima kwa maji ya mifereji, na katika miaka ya 1970 shamba kubwa la serikali la Mbarali lilianzishwa kwa msaada wa China. Wasangu ndio wenyeji; pamoja nao wako Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na wengineo, na kila mmoja amekuja na matamshi ya lugha ya mama yake. Basi mtoto wa Rujewa akiulizwa kwa Kiingereza wazazi wake walima nini, neno la kwanza atakalolihitaji ndilo hilo lenye mtego. Akiteleza, amesema kwamba kwao hulimwa chawa.

Tutazame kwanza sauti zenyewe. Katika l ya Kiingereza ncha ya ulimi hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu, na pumzi hupita kandokando. Katika r ya Kiingereza ncha ya ulimi huinuka lakini haigusi kitu, na midomo huviringana kidogo. R ya Kiswahili ni nyingine tena: ulimi hupiga ufizi, mara moja au mara kadha wa kadha. Kwa hiyo hata Mswahili wa pwani, ambaye r na l hazimpi taabu katika lugha yake, hana budi kujifunza r ya Kiingereza kama sauti mpya.

Lakini shida iliyo kubwa zaidi ni hii: katika lugha nyingi za Kibantu r na l si sauti mbili, bali ni moja. Kinyakyusa kina l, hakina r. Mlima ambao ramani zauita Rungwe, wenyewe huuita Lungwe. Kikikuyu ni kinyume chake, kina r, hakina l. Waganda huandika herufi zote mbili, lakini kwa kanuni: r hufuata e au i, na penginepo pote huandikwa l, wala hakuna maneno mawili ya asili yao yanayotengwa na herufi hizo peke yake. Kutokana na haya twaweza kubashiri kosa kabla halijatendeka. Mnyakyusa ataelekea kusema "lice" akikusudia mpunga. Mkikuyu ataelekea kusema "rice" akikusudia chawa. Kosa linaloweza kubashiriwa hivyo si uzembe, ni kanuni.

Yafaa kuuliza, je, Kiswahili chenyewe kimeipataje tofauti hii? L ya asili ya Kibantu, ikiwa kati ya irabu, mara nyingi imetoweka katika Kiswahili. Mnyakyusa asema "injala" na "ifula". Mswahili asema njaa na mvua. Kwa upande mwingine, maneno ya Kiarabu na Kiajemi yalileta r na l kwa wingi, na hizo zilikuwa sauti mbili mbalimbali tangu huko zilikotoka. Angalia jozi hizi: kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari. Maneno yote sita yana asili ya Kiarabu. Hata katika kula na kura, la kwanza ni la Kibantu na la pili ni la Kiarabu. Mbantu wa bara alipojifunza Kiswahili alipokea maneno haya pamoja na tofauti ambayo lugha yake haikuwa na haja nayo. Ndiyo sababu twaona katika maandishi "kupiga kula" mahali pa kupiga kura, na mzazi aandikapo habari za "mahali" ya binti yake, msomaji hana budi kukisia kama atajwa mji au ng'ombe.

Jambo hili si la Waafrika peke yao. Wajapani, ambao lugha yao ina sauti moja tu iliyo karibu na hizi mbili, wamechunguzwa sana juu yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 kutoka Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ulionyesha kwamba Wajapani watu wazima waliweza kuongeza uwezo wao wa kuzitenga r na l kwa kusikilizishwa maneno ya jozi yaliyosemwa na watu mbalimbali. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2006, uliwapima watoto wachanga: wenye umri wa miezi 6 mpaka 8, wa Japani na wa Marekani, walizitambua r na l za Kiingereza kwa kiasi kimoja, walipofika miezi 10 mpaka 12, wa Marekani walikuwa wamezidi na wa Japani wamepungua. Basi sikio huzaliwa wazi, na lugha ya nyumbani ndiyo inayolifundisha lipi la kushika na lipi la kupuuza.

Kwa mwalimu, mafunzo ya haya ni dhahiri. Kumwambia mtoto "sema vizuri" si kumfundisha, kwa maana asichokisikia hawezi kukisema. Sikio litangulie: mwalimu ataje "rice" au "lice", "right" au "light", na mwanafunzi aonyeshe kwa mkono ni lipi, bila ya kutamka. Kisha kinywa: azoezwe kuviringa midomo na kuuzuia ulimi usiguse kitu. Kalamu ije mwisho. Na zoezi hilo hilo lifanywe kwa kura na kula, ili Kiswahili na Kiingereza visaidiane.

Kicheko hakina msaada wowote, bali chadhuru. Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto atokaye katika shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, akichekwa kwa herufi moja, hunyamaza. Na anyamazaye katika somo la lugha hunyamaza pia katika masomo mengine. Tena wenye kucheka wakumbuke kwamba Mwingereza naye ana mitego yake. Wenyeji wa Mombasa hutenga paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi tu itokayo baada ya p, na Mwingereza, ambaye hutoa pumzi hiyo kila siku mwanzoni mwa maneno yake bila ya kuijua, hasikii tofauti. Na huko Rujewa aweza kuuita "rice" mpunga ulioko shambani, mchele ulioko gunia na wali ulioko sahani, mahali ambapo mtoto wa mkulima ana majina matatu na hakosei hata moja.