Silinda hedi za zamani: Changamwe inahitaji vipimo

Kazi inayolipa kodi ya banda katika karakana za Changamwe ni hedi za malori na matatu. Magari ya zamani huja mojamoja, lakini mwenye Peugeot 504 au Datsun 1600 hafuati bei ya chini. Anamtafuta fundi ambaye hatamharibia hedi isiyopatikana dukani. Hapo pana pesa, na karakana nyingi zinaziacha zipite.

Mapenzi ya magari haya yana mizizi. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ziliunganishwa Kenya hadi 2004, na tangu 2003 mbio za East African Safari Classic zinayarudisha magari ya enzi hizo kwenye vumbi.

Kinachoua hedi hizi Pwani ni maji kwanza. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Kisauni na Likoni, mfereji ukikauka, rejeta hujazwa maji ya kisima. Chumvi inakula aluminiamu, gari linachemsha, hedi inapinda na gasketi inaungua. Halafu kuna petroli. Risasi iliyokuwemo kwenye petroli ya zamani, ile iliyosafishwa hapo hapo Changamwe, ndiyo iliyokinga siti za valvu katika hedi za chuma za magari mengine ya zamani. Tangu ilipoondolewa mwanzoni mwa 2006, siti laini zinalika na valvu zinazama. Dawa ni kuchonga na kupachika siti ngumu, kazi ya bei nzuri kwa mwenye mashine.

Tatizo ni kufesi, yaani kukwangua uso wa hedi iliyopinda, bila hesabu. Injini ya 504 ya 1971 cc ina takriban 493 cc kwa kila silinda. Tuchukue chemba ya 65 cc, gasketi ikiwemo: mgandamizo ni 8.6 kwa 1. Ukikwangua hedi hadi chemba ibaki 59 cc, mgandamizo unafika karibu 9.4. Ukifesi tena mwakani, injini inaweza kuanza kugonga ikipanda mlima, na pistoni kutoboka.

Kupima si kazi kubwa. Hedi inalazwa chemba zikitazama juu, plagi na valvu zikiwa mahali pake, kioo chenye tundu kinagandishwa kwa grisi juu ya chemba, kisha mafuta ya taa yanasukumwa kwa bomba la sindano hadi yajae. Fundi anaandika mililita za kila chemba, halafu anasaga zile ndogo kidogo kidogo mpaka zote zilingane. Vifaa vyote hivyo havifikii bei ya tairi moja. Anayefanya hivi anastahili kulipwa zaidi, na wateja wa magari ya zamani wako tayari kulipa.

Kwa hiyo wewe unayevusha hedi kwa feri kutoka Likoni, usilipe kabla ya kupewa karatasi yenye ujazo wa kila chemba na unene uliokwanguliwa.