Kumsimulia Mtu Mzima Hadithi za Biblia: Maandalizi Huanza Nyumbani

Mtu akiombwa kuwasimulia watu wazima hadithi za Biblia, mara nyingi hudhani kwamba kazi ni nyepesi. Hadithi anazijua tangu utotoni, kitabu anacho, na sauti Mungu amemjalia. Mimi nami, niliyesomea ualimu nikapata cheti, nilidhani hivyo hivyo nilipoombwa na waumini wa kanisa moja hapa Gatumba niwasaidie wazee na akina mama wasiojua kusoma. Kumbe somo la kwanza lilikuwa la kunifunza mimi.

Nilichagua habari za Nuhu. Nilisimulia kwa madaha jinsi mvua ilivyonyesha siku 40 na jinsi waovu walivyoangamia. Nilipomaliza, mama mmoja mwenye mvi akauliza kwa upole: "Mwalimu, basi sisi tulimkosea Mungu kwa lipi kuwapita wale wanaokaa milimani?" Sikuwa na jibu.

Asiyeijua Gatumba huenda asitambue uzito wa swali hilo. Mji wetu umo katika bonde tambarare la Imbo, magharibi ya Bujumbura, karibu na mpaka wa Kongo, baina ya mto Rusizi na Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ulifurika. Maelfu ya watu walizihama nyumba zao, na wengi wakaishia mahemani huko Maramvya. Mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda, maji yakaingia tena majumbani. Watu niliowasimulia hawakuhitaji kuelezwa gharika ni kitu gani.

Kosa langu halikuwa kuichagua hadithi hiyo. Kosa lilikuwa kuikata katikati kwa sababu muda uliniishia. Katika kitabu cha Mwanzo, habari hizo huanza sura ya 6 na kuendelea hadi ya 9. Hazikomi penye maji. Maji hupungua, jamaa ya Nuhu hutoka katika safina na kukanyaga nchi kavu, na Mungu hutoa ahadi kwamba gharika haitaangamiza tena kila chenye uhai. Wala hapana mahali katika sura hizo panaposema kwamba kila mafuriko yajayo ni adhabu ya wale yanaowakuta. Hayo niliyaongeza mimi, kwa kunyamaza mahali palipostahili kusemwa.

IJUE HADITHI KABLA YA KUISEMA

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu, nami naupendekeza kwa yeyote mwenye kazi kama hii.

Kwanza, soma hadithi nzima kwa sauti mara tatu. Ukiweza, isome katika Biblia ya Kiswahili na ya Kirundi pia. Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani, ile ya mwaka 1952, ina maneno ambayo msikilizaji wa Gatumba huenda asiyaelewe. "Mlawi", kwa mfano, waweza kumwita mtumishi wa hekalu. Tafuta neno rahisi mapema, usije ukalitafuta mbele ya watu.

Pili, funga kitabu. Igawe hadithi katika picha nne au tano: nani yupo, yuko wapi, anafanya nini, linatokea nini baadaye. Kichwa hushika picha kuliko maneno yaliyokaririwa.

Tatu, isimulie nyumbani. Mama anapochambua ndagala au baba anapopiga pasi sare, watoto wakae wasikilize wakiwa wamefungua Biblia. Hakuna msahihishaji mkali kama mtoto. Atakwambia, "Hapo umeruka," au, "Hilo halimo." Yote mawili ni makosa: kupunguza na kuongeza.

Nne, jihadhari na mwanzo wako. Ukianza kwa "Hadithi, hadithi!" nao wakaitikia "Hadithi njoo!", au kwa "Sokwe!" wakaitikia "Niruze!" kama katika vitendawili vya Kirundi, umechangamsha baraza, lakini wengine watangojea sungura na fisi. Afadhali useme wazi: "Habari hii imo katika Biblia."

MTU MZIMA SI DEBE TUPU

Baada ya kusimulia, mwombe mmoja airudie, na wenzake wajazie alichosahau. Ndipo uulize: Kipi kimekupendeza? Kipi kimekusumbua? Hadithi yatufunza nini juu ya Mungu na juu ya binadamu? Kisha nyamaza. Kwa mwalimu, kunyamaza ndilo zoezi gumu kupita yote.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa vikundi walikuwa wamefunzwa mapema kuongoza mazungumzo. Mtu mzima hushika lile alilolisema kwa kinywa chake.

Hata hivyo, fikiria ni akina nani watakaokaa mbele yako. Ukisimulia habari za Msamaria mwema, katika Luka sura ya 10, kumbuka kwamba hapa Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150 waliuawa kambini. Watu wetu wanafahamu maana ya jirani kumpita aliyejeruhiwa. Usiwatajie kabila la mtu yeyote, wala usiwalazimishe kusema yaliyowapata. Hadithi yenyewe yatosha.

Askari na polisi wetu nao wana sehemu yao. Katika Luka sura ya 3, askari wanamwendea Yohana kumwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu wala kumsingizia, bali watosheke na mshahara wao. Askari akiisimulia habari hii nyumbani mbele ya mkewe na watoto, amejifunga mwenyewe kwa maneno yake.

Wiki iliyofuata nilimrudia Nuhu, safari hii mpaka mwisho. Mama yule aliomba airudie yeye. Alipofika penye kutoka katika safina, akasema wale watu walianza kulima upya matope yakiwa yangali miguuni mwao. Mzee mmoja akamsahihisha: "Mama, matope hayamo." Naye akajibu, "Nakubali, mzee. Nchi kavu imo katika kitabu. Matope ni yangu."

Tulicheka sote, kisha tukamwacha atueleze habari za matope yake.