Shati la Mtumba, Daraja la Rusizi na Ugomvi wa Wakubwa

Robota la mitumba linalofunguliwa soko la Kadutu, Bukavu, limeona dunia kuliko wengi wetu. Shati lilivaliwa Marekani au Ulaya, likatolewa sadaka, likachambuliwa kwa madaraja, likabanwa kwa mashine, likapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha likaletwa na lori mpaka Kivu. Kutoka Kadutu hadi Kamembe, upande wa Rwanda, imebaki kuteremka mlima, kuvuka Mto Rusizi na kupanda tena. Mtu mwenye miguu mizuri anafika. Lakini tangu 2016 kipande hicho kifupi kimekuwa kigumu kwa shati hilo kuliko bahari nzima lililokwisha kuvuka.

Mwaka huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Serikali ilitaka viwanda vya ndani vipate nafasi ya kupumua, na wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekubaliana kuelekea huko pamoja. Wilayani Rusizi, caguwa, kama mitumba inavyoitwa Rwanda, ikageuka magendo. Wapo waliovuka mpaka wakiwa wamevaa nguo juu ya nguo, suruali tatu chini ya kitenge kimoja. Wapo waliopitisha mizigo ziwani usiku kwa mitumbwi. Wapo waliokamatwa na mtaji wote ukaishia ghala la forodha.

Huko Marekani, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu, SMART, kililalamika kwa serikali yake mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki inawaharibia biashara. Washington ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, ile sheria iliyoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikakaa pale pale, na tarehe 30 Julai 2018 serikali ya Donald Trump ikasimamisha nafuu hiyo kwa nguo zitokazo Rwanda. Nafasi iliyoachwa na mitumba haikujazwa na cherehani za Kigali peke yake. Nguo mpya za bei nafuu kutoka China ziliingia sokoni, na hata kimoja cha viwanda vilivyosifiwa kwa kushona Kigali, C&H, ni cha Wachina. Mama anayeuza nguo Kamembe akawa amesimama katikati ya nchi mbili zenye uchumi mkubwa kuliko zote duniani, na hakuna aliyemwambia.

Ushindani wa Marekani na China huelezwa kila siku kwa habari za Taiwan, za meli za kivita katika Bahari ya Kusini ya China, za chipu za kompyuta. Mimi naona unasomeka vizuri zaidi ukisimama Cyangugu, mji mkongwe ulio chini kabisa karibu na maji, unakoiona Bukavu ikining'inia juu ya rasi zake ng'ambo ya pili. Mpaka huu wenyewe ulizaliwa na ugomvi wa wageni. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo, ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliokuwa wamejenga kituo Shangi, kaskazini kidogo kando ya ziwa, walilishinda jeshi la Rwanda kwa bunduki. Maasi ndani ya jeshi la Leopold yakawafanya waondoke, Wajerumani wakashika nafasi yao. Wakubwa wakavutana juu ya Kivu kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Mei 1910, walipokutana Brussels na kukubaliana: Kisiwa cha Ijwi kiende kwa Wabelgiji, na Mto Rusizi uwe ukuta. Wajerumani walikiteka kisiwa 1914, Wabelgiji wakakitwaa tena 1916 na kuvuka mto kuichukua Rwanda yote. Katika mikutano ile hakuna aliyeuliza nani ana shamba huku na mkwe kule.

China nayo si mgeni wa jana hapa. Ukishuka kutoka Kamembe kuelekea Bugarama, hewa inazidi kuwa ya joto, migomba inapungua, na bonde linafunguka kwa mashamba ya mpunga. Kilimo cha mpunga kilianza kupewa nguvu Rwanda miaka ya 1960 na mabwana shamba kutoka Taiwan. Wakati ule Taiwan ilikuwa inatuma wataalamu wa mpunga katika nchi nyingi changa za Afrika, kwa sababu kila nchi ilikuwa na kura moja Umoja wa Mataifa, na kura hizo ndizo zilizoizuia Beijing isipewe kiti cha China. Oktoba 1971 kura zikageuka. Tarehe 12 Novemba mwaka huohuo Rwanda na Beijing zikaanzisha uhusiano wa kibalozi, na wataalamu wa China bara wakafuata. Mkulima aliyeinama kwenye jaruba alibadilishiwa mwalimu kwa sababu ya hesabu iliyopigwa New York.

Katika bonde hilohilo kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichojengwa na Wachina na kuanza kazi mwaka 1984. Kwa miaka mingi kilikuwa kiwanda pekee nchini kinachotengeneza saruji kuanzia kwenye jiwe lenyewe. Baadaye Waafrika Kusini wa PPC walinunua asilimia 51, mtambo mpya wa tani 600,000 kwa mwaka ukazinduliwa 2015, na sasa mwenye hisa nyingi ni kampuni ya National Cement ya Kenya. Kiwanda hiki ninakitaja kwa sababu kimeacha kitu. Ugomvi wa Beijing na Taipei ulikuwa wao, lakini mpunga na saruji vimebaki Bugarama. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema nchi ndogo haina la kufanya wakubwa wakishindana. Ina la kufanya, ikijua inataka nini kabla hawajafika.

Sasa hivi wanachogombania ni madini. Kongo ndiyo mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani, na China ndiyo msafishaji mkubwa. Mwaka 2008 Kinshasa iliingia mkataba wa Sicomines na makampuni ya China: shaba na kobalti kwa barabara na hospitali. Nchi za Magharibi na Shirika la Fedha la Kimataifa zililalamikia deni, na mkataba ukapunguzwa kutoka dola bilioni 9 hadi bilioni 6. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani ya Freeport-McMoRan ikaiuzia CMOC ya China hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume kwa dola bilioni 2.65. Wamarekani wamekuja kuujutia sana uamuzi ule. Leo wanakopesha reli ya Lobito, inayoyapeleka madini Atlantiki kupitia Angola, huku kampuni ya China ya CCECC ikijiandaa kuifufua TAZARA, reli iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, iyapeleke Bahari ya Hindi kupitia Dar es Salaam.

Rwanda haiko nje ya mchezo huo. Februari 2025 China iliweka masharti ya leseni kwa wolframu inayouzwa nje, madini yanayotumika kwenye vyuma vya kukatia na silaha. Mwaka huohuo kampuni ya Trinity Metals, inayochimba Nyakabingo kaskazini mwa Rwanda, ilianza kupeleka shehena kwenye kiwanda cha Pennsylvania. Mwaka mmoja kabla, Umoja wa Ulaya ulikuwa umetia saini na Kigali makubaliano juu ya madini hayohayo muhimu, na kelele zilizotoka Kinshasa hazijanyamaza hadi leo.

Kisha vita vikafika darajani. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, baada ya Goma kuanguka Januari. Wakazi waliokimbia walishuka hadi mtoni na wengine wakavuka kuingia Rusizi na magodoro kichwani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema jeshi la Rwanda liko nyuma ya M23. Kigali inakana, na inawataja FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, kuwa ndilo tishio lake. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773, likiitaka M23 iondoke na Rwanda iache kuiunga mkono. Wanachama wote 15 walipiga kura ya ndiyo. Marekani, China na Urusi, ambazo mara nyingi hazikubaliani juu ya Ukraine wala Gaza, zilikubaliana juu ya Bukavu. China, ambayo kwa kawaida huwa na tahadhari sana katika kutaja majina, iliitaja Rwanda waziwazi. Tusiharakishe kuiita huruma: mwenye migodi mikubwa Katanga, kusini mwa Kongo, hataki nchi hiyo ivunjike.

Mwezi uliofuata Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo dhidi ya baadhi ya makamanda wa Rwanda na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo, na siku hiyohiyo, tarehe 17 Machi, Kigali ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Washington ikafuata njia nyingine. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Kongo walitia saini mkataba wa amani mbele ya mwenzao wa Marekani, Marco Rubio, na tarehe 4 Desemba marais wao, Kagame na Tshisekedi, wakaenda Washington wenyewe, Trump akiwa katikati yao. Siku hiyohiyo kila mmoja aliingia na Marekani makubaliano yake ya kiuchumi. Tarehe 10 Desemba M23 wakaingia Uvira, mwisho wa bonde hilihili la Rusizi.

Mapigano yalikuwa yamepitia Kamanyola, uso kwa uso na Bugarama. Wakongomani waliovukia huku walipelekwa kambi ya muda ya Nyarushishi. Wazee wa Rusizi hawalitamki jina hilo kwa wepesi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya Watutsi walikuwa wamekusanywa hapo, na tarehe 23 Juni askari wa Ufaransa wa Operesheni Turquoise, waliotokea Bukavu, walifika hapo kwanza. Tume ya mwanahistoria Vincent Duclert iliandika mwaka 2021 kwamba Paris iliitazama Rwanda kupitia hofu yake ya kupokonywa eneo na wanaozungumza Kiingereza, na kwamba ilibeba wajibu mzito. Ushindani wa wakubwa hapa si lugha ya wanadiplomasia tu. Umewahi kuwa kipofu mbele ya mauaji.

Siku chache baada ya Uvira, M23 walitangaza kuondoka mjini, wakisema ni kwa ombi la Marekani. Basi neno la Washington lina uzito, likitamkwa. Ninachouliza ni kwa nini linatamkwa zaidi kwa ajili ya madini.

Maana Rusizi haiishi kwa koltani. Inaishi kwa nyanya, maziwa, unga, kuku na sambaza zinazovuka asubuhi, na kwa vitenge na sabuni vinavyorudi jioni. Wengi wa wanaovuka ni akina mama, na mtaji wa wengi wao unaingia kwenye ndoo moja. Mfumo wa kuwawezesha upo tangu zamani. CEPGL, jumuiya ya Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya sasa) iliyoanzishwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, ndiyo iliyozoesha watu wa mpakani kuvuka kwa kikaratasi kisichohitaji pasipoti. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo midogo. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Karatasi zote hizo zipo, na bado mama wa ndoo anaweza kukuta saa za kufunga mpaka zimebadilika wakati nyanya zake ziko upande wa pili, au akatozwa mara mbili kwa mzigo mmoja. Tajiri wa madini ana wakala wa forodha wa kumsemea. Huyu hana.

Lakini katika mto huuhuu kuna kitu ambacho vita havijakivunja. Bwawa la kwanza la umeme lilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, mahali mto unapotoka ziwani. La pili lilianza kazi 1989, chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya nchi tatu. Juni 2022 Kinshasa ilitangaza kusimamisha mikataba yake na Kigali. Mitambo ya Rusizi II iliendelea kuzunguka. Sasa unapangwa mradi wa Rusizi III, wa megawati 206, zigawanywe sawasawa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Wawekezaji ni IPS ya Aga Khan na wenzake kutoka Ulaya, na miongoni mwa wakopeshaji ni mabenki ya maendeleo ya Ulaya na Afrika. Bwawa la Nyabarongo II, ndani ya Rwanda, linajengwa na Sinohydro kwa mkopo wa Exim Bank ya China. Kigali inachota kwa Ulaya na kwa China, na hapo sioni kosa.

Rusizi III imeandikwa pia kwenye mpango wa uchumi unaoambatana na mkataba wa Washington, pamoja na gesi ya Ziwa Kivu na njia za madini. Humo ndani ndimo ningetaka mama wa ndoo aingie. Saa za daraja la Rusizi ziwekwe kwenye maandishi, zisifuate hasira ya siku. Kikaratasi cha kuvukia kitambuliwe pande zote, yeyote atakayekuwa ameshika Bukavu. Ushuru wa mzigo mdogo ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, lugha inayosikika kwenye kingo zote mbili na ambayo Rwanda iliipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Na Burundi, iliyofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, ibanwe juu ya kituo cha mpakani cha Ruhwa kwa uzito uleule inaobanwa nao juu ya mgao wake wa umeme. Mashahidi wa mkataba wana nguvu ya kulidai hilo. Wameshaonyesha Uvira kwamba wakitaka, simu zao zinapokelewa.