Kipimo Thabiti, Jibu Lisilo Halali

Kila kipimo cha utafiti kina maswali mawili ya kujibu. La kwanza ni la uthabiti: kikirudiwa, kitatoa jibu lile lile? La pili ni la uhalali: je, kinapima kile tunachodai kukipima? Wengi huridhika wakishajibiwa la kwanza, na mkoa wa Tanga ni mahali pazuri pa kuonyesha hatari ya kuridhika huko. Kwa miaka mingi, kuanzia hospitali ya Bombo kwenye njia ya Raskazone hadi zahanati za Muheza, mgonjwa akiwa na homa alihesabiwa kuwa na malaria. Kipimajoto hakikuwa na kosa: nyuzi 39 zilisomeka 39 kwa muuguzi yeyote. Mwaka 2004 jarida la BMJ likachapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa wakitibiwa malaria kali, ni 2,062 tu, asilimia 46, waliokutwa na vimelea. Waliofariki ni asilimia 7 ya wenye vimelea, na asilimia 12 ya wasio navyo.

Yupo atakayesema kwamba penye mbu wengi ni salama zaidi kutibu kila homa, kwa kuwa malaria huua mtoto upesi. Pasipo na maabara, hoja hiyo ina uzito. Lakini kutoa dawa kwa tahadhari si ruhusa ya kuandika kila homa kwenye takwimu za malaria, na mwenye nimonia haponi kwa dawa ya malaria. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka.

Hadubini nayo ina mipaka. Maabara nyingi zimezoea kuandika wingi wa vimelea kwa alama za kujumlisha, moja hadi nne. Alama mbili ni vimelea 11 hadi 100 katika maduara 100 anayoyaona mpimaji akisogeza slaidi. Alama tatu ni kimelea 1 hadi 10 katika kila duara. Hiyo ni skeli ya mpangilio: inaonyesha nani amezidi, haionyeshi kwa kiasi gani, kwani kila ngazi inapanda takriban mara kumi. Anayetafuta wastani wa alama hizo anapata namba isiyo na maana. Tena, mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi anaweza kubeba vimelea bila kuumwa. Slaidi yake inathibitisha vimelea. Haithibitishi kwamba ndivyo vilivyoleta homa. Kipimo kile kile ni halali kwa swali moja na si halali kwa jingine.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona asilimia katika ripoti yoyote, iwe ya afya, elimu au kipato, uliza kwanza ni nini hasa kilichopimwa, na kwa skeli gani. Ripoti isiyojibu hayo haifai kutungiwa sera.